Miaka 13 bila ubingwa: kisa cha wanawake wa HJK Helsinki

Kati ya 2006 na 2018, timu ya wanaume ya HJK Helsinki ilitwaa ubingwa wa Ufini mara nane, sita kati ya hizo mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2014. Katika misimu hiyo hiyo 13, timu ya wanawake ya klabu hiyo, yenye jezi ile ile ya mistari ya buluu na nyeupe, haikuchukua ubingwa wa ligi hata mara moja. Tunazungumzia timu iliyokuwa bingwa wa kwanza wa wanawake Ufini mwaka 1971, iliyokuwa na mataji ya ligi zaidi ya 20 kabatini kufikia 2005, na iliyofika mahali Ulaya ambapo wanaume wa klabu yao hawajafika mpaka leo.

Ukiuliza kilichotokea, jibu la haraka ni kwamba kizazi cha dhahabu kilistaafu na wapinzani wakaamka. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini haliniridhishi. Vizazi hustaafu kwa wanaume pia, na wanaume wa HJK hawakukaa miaka 13 wakisubiri. Ukifuatilia kisa hiki kuanzia mwanzo unaona kwamba timu mbili za klabu moja zilipita kwenye milango miwili tofauti ya fedha, na mmoja ulikuwa haujafunguliwa.

Tuanze na klabu yenyewe. Helsingin Jalkapalloklubi ilianzishwa 1907, mwaka ule ule kilipozaliwa chama cha soka cha nchi, na kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi ndani ya bustani ya Kaisaniemi, katikati ya Helsinki. Mashabiki huiita Klubi tu, na kila mtu mjini anajua ni ipi. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1911. Leo inacheza mtaa wa Töölö, jijini Helsinki, kwenye Bolt Arena, uwanja wa nyasi bandia unaoingiza watazamaji wapatao elfu kumi na uliofunguliwa mwaka 2000. Jirani yake ni Uwanja wa Olimpiki wenye mnara wa mita 72.71, urefu uliochukuliwa kutoka kwenye mtupo wa mkuki wa Matti Järvinen aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki 1932. Wafini wanaheshimu vipimo.

Kwa upande wa wanawake, Ufini haikuchelewa hata kidogo. Ligi ya taifa ya kwanza ilichezwa 1971, mwaka ambao UEFA ndiyo kwanza ilikuwa inavishauri vyama vya nchi wanachama vilichukue soka la wanawake mikononi mwao. Uingereza ilikuwa imetoka tu kufuta marufuku yake ya tangu 1921. Ujerumani Magharibi nako marufuku ilikuwa imeondolewa 1970 tu, na ubingwa wa taifa ulisubiri hadi 1974. Agosti 1973 Ufini na Uswidi zilikutana Mariehamn, kwenye visiwa vya Åland, katika mechi ya kimataifa ya wanawake iliyokwisha 0-0. Kwa hiyo pale wanawake wa HJK walipobeba kombe la kwanza, walikuwa mbele ya karibu bara zima. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huamini soka la wanawake ni kitu kipya ambacho bado hakijapewa muda wa kukua. HJK wamekuwa nacho kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho ni tofauti ya miaka mitatu tu, kati ya 1998 na 2001.

Mwaka 1998 wanaume wa HJK chini ya kocha Antti Muurinen walivuka mchujo wa Ligi ya Mabingwa kwa kuitoa Metz ya Ufaransa, 1-0 nyumbani na 1-1 ugenini. Ikawa klabu ya kwanza ya Ufini kuingia hatua ya makundi ya mashindano hayo, na hadi leo ni hiyo peke yake. Walipangwa na Kaiserslautern, PSV ya Uholanzi na Benfica ya Ureno. Uwanja wa Töölö ulikuwa bado, hivyo mechi za nyumbani zilipigwa Uwanja wa Olimpiki. Kaiserslautern, waliokuwa mabingwa wa Ujerumani, waliondoka Helsinki na sare tasa. Benfica walilala 2-0. Kule Lisbon ikawa 2-2. HJK ilimaliza na pointi tano, mkiani mwa kundi, na bado vuli ile inasimuliwa Ufini kama sikukuu. Muurinen alikabidhiwa timu ya taifa ya wanaume 2000.

Pointi tano hizo zilikuja na fedha za UEFA kwa klabu iliyotoka kwenye ligi ndogo inayochezwa majira ya joto. Ukiingia makundi unalipwa kwa kuingia, unalipwa kwa sare, unalipwa kwa ushindi, na haki za televisheni ziko juu yake. Fedha hizo hununua wachezaji, wachezaji huleta ubingwa, ubingwa hukurudisha kwenye mchujo wa Ulaya. Mwaka 2014 HJK ikawa klabu ya kwanza ya Ufini kuingia makundi ya Ligi ya Europa, na Torino wakapigwa 2-1 Helsinki. Kuanzia 2021 wakaingia makundi misimu mitatu mfululizo, Ligi ya Konferensi, kisha Europa walikokutana na Roma ya José Mourinho, kisha Konferensi tena.

Tuwageukie wanawake. Msimu wa 2001 hadi 2002 UEFA ilianzisha kombe la kwanza kabisa la klabu za wanawake. Makundi yalichezwa kituo kimoja: timu nne zinakusanyika mji mmoja, zinamaliza mechi zote ndani ya siku chache, zinarudi nyumbani, kazini na shuleni. HJK ilivuka kundi, ikavuka robo fainali, ikaingia nusu fainali. Timu nne bora za Ulaya msimu huo zilikuwa Frankfurt, Umeå ya Uswidi, Toulouse na HJK. Hakuna timu ya wanaume ya Ufini, kwa miaka yote ya mashindano ya Ulaya, iliyowahi kusimama kwenye nne bora. Umeå iliitoa HJK, kisha ikafungwa 2-0 na Frankfurt kwenye fainali.

Nusu fainali hiyo haikuja na fungu la kuijenga timu upya. Kombe lilikuwa changa, televisheni hazikuwa zimelinunua kwa bei yoyote ya maana, na UEFA haikuwa na kapu la kugawa kama lile la wanaume. Kwa hiyo katika jengo moja, wanaume waliomaliza mkiani mwa kundi walifungua ukurasa mpya wa bajeti, na wanawake waliofika nne bora walirudi kwenye bajeti ile ile waliyoondoka nayo. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha ile miaka 13. Uwezo wa uwanjani walikuwa nao.

Mtu anaweza kusema hali ilikuwa hivyo kwa wote, mbona Umeå walisonga mbele? Swali zuri, na ndilo linaloumiza. Umeå ni mji wa kaskazini mwa Uswidi, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Bothnia, uliokuwa na wakazi wapatao laki moja tu, wakati Helsinki ilikuwa na zaidi ya laki tano. Baridi yao ni kali kuliko ya Helsinki na giza la Desemba ni refu zaidi. Hata hivyo baada ya kupoteza ile fainali, Umeå walilitwaa kombe 2003 na tena 2004, na mwaka huo huo wa 2004 wakamleta msichana wa miaka 18 kutoka Brazil anayeitwa Marta. Waliamua kwamba timu ya wanawake ndiyo timu ya mji, wakatafuta wadhamini kwa ajili yake, wakawalipa wachezaji ili wafanye mazoezi kama wachezaji.

Mara tu kunapokuwa na jirani anayelipa, ng'ambo tu ya maji, timu isiyolipa huanza kuvuja. Laura Kalmari, baadaye Laura Österberg Kalmari, aliyestaafu akiwa na mabao 41 katika timu ya taifa, alipita HJK na baadaye akacheza Uswidi, Umeå ikiwemo. Anne Mäkinen, kiungo ambaye kwangu ni mmoja wa wachezaji bora waliowahi kutoka Ufini wa jinsia yoyote, naye alivaa jezi ya HJK. Mwaka 2000 alishinda tuzo ya Hermann, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu Marekani, akiwa Notre Dame, kisha akaingia ligi ya kulipwa ya huko ilipoanzishwa 2001. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Mchezaji aliyefikia kiwango hicho akibaki Helsinki alikuwa na chaguo la kufanya kazi mchana na kufanya mazoezi usiku.

Faida ya uhamaji huu iliiendea timu ya taifa. Mwaka 2005 wanawake wa Ufini walikwenda Euro kwa mara ya kwanza, kule Uingereza, na wakafika nusu fainali kabla ya kufungwa 4-1 na Ujerumani. Miaka minne baadaye wakawa wenyeji na kufika robo fainali. Wanaume wa Ufini walisubiri hadi Euro 2020, iliyochezwa 2021, ndipo wakaonja fainali za mashindano makubwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wakati wanawake wa HJK wanaanza kukauka, soka la wanawake la Ufini kwa ujumla lilikuwa kwenye kilele chake. Hoja ya kwamba kipaji kiliisha inafia hapa.

Lakini kuondoka kwa nyota hakutoshi kueleza kila kitu, maana ubingwa wa Ufini ulichukuliwa na mtu kila mwaka, na mtu huyo naye alipoteza nyota kwa Uswidi. Ni nani waliouchukua? Honka ya Espoo ilibeba 2006, 2007 na 2008, kisha tena 2017. PK-35 Vantaa walitawala 2010 hadi 2012, 2014 hadi 2016, na 2018. Åland United walipenya 2009 na 2013. Basi. Klabu tatu kwa misimu 13.

Angalia ramani. Espoo na Vantaa zinapakana na Helsinki. Tapiola, mtaa wa Honka, uko upande wa pili wa mkono wa bahari tu, na tangu metro ya magharibi ilipofunguliwa 2017 unafika kutoka katikati ya Helsinki kabla ya dakika 20 kwisha. Kwenye soka lenye mikataba minene, mchezaji anafungwa na mkataba. Kwenye soka lisilo na mikataba minene, msichana anayesoma chuo na kufanya kazi nusu siku anakwenda anakopata kocha mzuri na muda wa kucheza, na gharama yake ya kuhama ni tiketi ya basi. Vipaji vya jiji moja viligawanyika kwa klabu tatu, na ukubwa wa jina la HJK haukuwa na nguvu ya kuvishika.

Jambo jingine kuhusu hao mabingwa limenishangaza tangu nilipolipanga kwa tarehe. Wanaume wa Honka walinyimwa leseni ya ligi kuu baada ya msimu wa 2014 kwa sababu za fedha, wakatupwa hadi daraja la tatu. Wanawake wa Honka wakawa mabingwa 2017. Wanaume wa PK-35 Vantaa walishuka daraja 2016 na kisha wakazama kifedha. Wanawake wa PK-35 Vantaa wakawa mabingwa 2018. Åland United haina timu ya wanaume kabisa, ni klabu ya wanawake ya visiwa vyenye watu wapatao elfu thelathini. Sitaki kuvuta uzi huu kuliko unavyoweza kuvutika, kwa sababu Honka na PK-35 walikuwa wakishinda hata kabla wanaume wao hawajaanguka. Ninachokiona ni kwamba kuwa na timu tajiri ya wanaume chini ya jina lako hakukuwa sharti la kuwa bingwa wa wanawake Ufini. Wakati mwingine timu iliyobaki peke yake kwenye macho ya klabu hupata kila kitu ambacho klabu inaweza kutoa.

Ndani ya HJK, macho yalikuwa upande mmoja. Timu ya kwanza ya wanaume inaendeshwa na kampuni, HJK Oy, na fedha za UEFA zinaingia huko. Chama cha wanachama, HJK ry, ndicho kilichobeba mamia kwa mamia ya watoto na vijana. Mgawanyo wa namna hii ni wa kawaida katika klabu kubwa za Ufini, na una sababu zake, kwani kampuni ikiyumba watoto hawapotezi viwanja. Ubaya wake ni kwamba timu ya wanawake inaweza kujikuta haina mwenyewe. Kampuni inaiona kama kazi ya kijamii, chama kinaiona kama mzigo wa timu ya wakubwa. Sisemi kuna mtu alikaa mezani akaamua kuiua. Timu nyingi hudhoofika bila mtu yeyote kuamua hivyo. Msomaji anayefuatilia Simba Queens au Yanga Princess anajua swali hili kwa karibu: kabla ya kuuliza kocha ni nani, uliza bajeti inasainiwa na nani.

Ongeza majira. Ligi ya Ufini huanza Aprili na kumalizika Oktoba, kwa hiyo maandalizi yote hufanyika ndani ya kumbi, theluji ikiwa nje. Kumbi za soka ni chache na kila saa ya jioni inagombewa na watoto, wakubwa, wanaume, wanawake, hata timu za wazee wa ofisini. Timu ya kulipwa hufanya mazoezi saa nne asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Timu ya watu wenye kazi lazima iingie foleni ya jioni. Hata pasipo mtu kubagua, ratiba yenyewe imeshampa mmoja saa bora na mwingine mabaki.

Niwe mkweli pia kwamba miaka hiyo haikuwa jangwa tupu. HJK ya wanawake ilibeba Kombe la Ufini mara kadhaa katika kipindi hicho, na ilibaki timu ya kuogopwa. Waliteleza kwenye ligi, yaani penye mechi nyingi na panapodai kikosi kipana, madaktari wa kutosha na wachezaji ambao hawajachoka na zamu ya kazi. Kombe unaweza kulishinda kwa mechi chache nzuri. Ligi inahesabu rasilimali zako kila wiki.

Ukame ulikatika 2019. Mwaka huo huo chama cha soka cha Ufini kilikubaliana na wachezaji wa timu za taifa kuhusu malipo sawa ya wanaume na wanawake, na msimu wa 2020 ligi kuu ya wanawake ikapewa jina jipya, Kansallinen Liiga, bila kutajwa jinsia ndani yake. Nimesikia watu wakilibeza badiliko hilo kama la karatasi. Mimi naliunga mkono, lakini halikumlipa mchezaji yeyote mshahara wa Machi. Ubingwa wa kwanza chini ya jina jipya ulikwenda Åland United, kisha KuPS ya Kuopio ikaubeba mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023. KuPS nayo ni klabu ya wanaume na wanawake chini ya jina moja, yenye wanaume waliokuwa mabingwa 2019 na tena 2024. Kwa hiyo sidai kwamba timu ya wanaume yenye nguvu ni sumu kwa ya wanawake. Kuopio inaonyesha klabu inaweza kuzibeba zote mbili kama imeamua. HJK ilirejea kileleni 2024, mwaka ambao wanaume wake waliupoteza ubingwa kwa KuPS.

Mlango uliokuwa umefungwa 2001 nao sasa uko wazi kidogo. UEFA ilipoanzisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake 2021, kila klabu iliyoingia ilihakikishiwa angalau euro 400,000. Kwa wanaume, kuingia tu makundi ya Ligi ya Konferensi, mashindano ya ngazi ya tatu, kulilipa euro milioni 2.94 katika miaka hiyo, na Ligi ya Europa milioni 3.63. Misimu mitatu ya wanaume wa HJK kuanzia 2021 inatoa euro milioni 9.51 kwa kiingilio peke yake, bila kuhesabu hata pointi moja. Sehemu ya kumi ya fungu hilo ni euro 951,000. Zaidi ya mara mbili ya kile ambacho klabu ya wanawake ilihakikishiwa kwa kufika makundi ya mashindano yao makubwa kuliko yote.

Kama ningekuwa na sauti kwenye mkutano mkuu wa Klubi, ningeomba sehemu hiyo ya kumi iandikwe kwenye katiba, ielekezwe kwenye mikataba ya muda wote ya wachezaji wa kike na saa za asubuhi ukumbini, na isiguswe wanaume wakikosa Ulaya mwaka mmoja. Mchujo wa wanawake unachezwa majira ya joto kwa mechi chache za mtoano, na katika misimu minne ya kwanza ya makundi, 2021 hadi 2025, hakuna klabu ya Ufini iliyovuka. Klabu iliyocheza nusu fainali ya kombe la kwanza kabisa haina sababu ya kutoka mapema kila Agosti na timu ambayo nusu ya wachezaji wake Jumatatu wanaamkia kazini.